Walinzi Wasioonekana
Somo la afya kwa walimu wa kanisa, kina mama na kina baba



Yako maradhi ambayo watu huyataja mbele ya kila mtu bila haya: homa, kikohozi, kuumwa na jino. Tena yako maradhi ambayo mwenye kuugua huyaficha hata mbele ya mama yake mzazi. Somo letu la mwezi huu lahusu maradhi ya namna hii ya pili. Ni ugonjwa wa uke, nao huwapata wanawake wengi mno. Twauandika kwa heshima, lakini twautaja waziwazi, kwa kuwa ugonjwa usiotajwa hautibiwi. Tena liko jambo kubwa zaidi linalotusukuma kuandika: mwanamke mwenye ugonjwa huu, akikutana na virusi vya UKIMWI, huambukizwa kwa wepesi kuliko mwenzake asiye nao.

Uchunguzi wa taifa wa mwaka wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa Tanzania asilimia 4.4 wana virusi hivyo, ambavyo kwa kifupi huitwa VVU. Lakini tukiwatenga wanawake na wanaume, twaona tofauti kubwa: wanawake ni asilimia 5.6, na wanaume ni asilimia 3.0. Kwa nini mzigo wa wanawake ni mzito hivi? Sababu ni nyingi: umaskini, kuolewa na wanaume waliowapita sana umri, kukosa sauti nyumbani, na maumbile yenyewe. Leo twashika sababu moja ya maumbile, ambayo watu wachache waijua, na ambayo baadhi yetu twaizidisha kwa desturi zetu tukidhani twatenda mema.

Twawaomba walimu walisome somo hili kwanza wao wenyewe, kisha walisome pamoja na kina mama, na kina baba vilevile, maana lawahusu wote.

1. Mfano wa kibuyu cha maziwa

Katika mkoa wetu wa Simiyu, kuanzia Bariadi na Itilima hata Maswa, Meatu na Busega, hakuna mwenye ng'ombe asiyejua maziwa ya mgando. Maziwa hutiwa katika kibuyu, huachwa siku moja au mbili, kisha huwa machachu. Ni nini kinachoyafanya kuwa machachu? Ni vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hula sukari iliyomo katika maziwa na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo uchachu tunaouonja. Na maziwa yakiisha kuchacha, vijidudu vya kuozesha havipati nafasi. Ndiyo maana maziwa ya mgando hukaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi.

Basi, uke wa mwanamke mzima una ulinzi wa namna hiyohiyo. Msichana akisha kuvunja ungo, kuta za uke huweka akiba ya chakula cha namna ya sukari. Vijidudu vyema hula chakula hicho na kutoa asidi, ile ile ya maziwa yaliyochacha. Mwaka wa 1892 daktari mmoja Mjerumani, Albert Döderlein, alivieleza vijidudu hivi kwa mara ya kwanza. Leo wataalamu huviita laktobasili, yaani vijiti vya maziwa, kwa kuwa ni jamaa moja na vile vya kibuyu na vina umbo la kijiti.

Wanakemia wana kipimo cha uchachu. Katika kipimo hicho maji safi huwa 7. Maji ya ndimu huwa kama 2. Sabuni hupita 9. Kadiri hesabu inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Uke wenye afya huwa chini ya 4.5. Uchachu huu ndio ukuta wa boma, na laktobasili ndio walinzi wake. Hawaonekani, hawalipwi mshahara, nao hukesha usiku na mchana.

Mtu asichukue mfano huu akaenda kutia maziwa ya mgando mwilini kama dawa. Vijidudu vya kibuyu ni jamaa ya walinzi wa uke, lakini si walewale, wala hawawezi kushika zamu yao. Maziwa ni ya kunywa.

2. Walinzi wakiondoka

Wakati mwingine walinzi hupungua au hutoweka kabisa. Hapo uchachu hushuka, na vijidudu vya namna nyingine, ambavyo kwa kawaida ni vichache, huongezeka mara elfu. Madaktari huuita ugonjwa huu vajinosisi ya bakteria. Sisi tutauita mvurugiko wa uke, kwa maana hakuna mgeni mmoja aliyevamia. Ni wenyeji waliovurugika, wachache wakawa wengi na wengi wakawa wachache.

Dalili zake ni hizi: majimaji mepesi, meupe au ya kijivujivu, na harufu kama ya samaki, ambayo huzidi baada ya mume na mke kukutana. Kwa kawaida hakuna maumivu makali wala muwasho mkubwa. Tofauti na huo, ugonjwa wa fangasi huleta muwasho mwingi na uchafu mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda. Na ugonjwa wa trikomona mara nyingi huleta majimaji ya rangi ya manjano au kijani. Lakini mwanamke asijiamulie mwenyewe nyumbani kwa kutazama rangi tu, kwa kuwa dalili huchanganyika.

Tena wanawake wengi wenye mvurugiko huu hawana dalili yoyote. Mwanamke aweza kuwa nao miezi mingi asijue.

Siku hizi limeenea neno moja katika maduka ya dawa na vijiweni: kila ugonjwa wa sehemu za siri huitwa U.T.I. Hilo si sahihi. U.T.I. ni ugonjwa wa njia ya mkojo, nao una dawa zake. Mwenye mvurugiko wa uke akipewa dawa za njia ya mkojo, aweza kumaliza fedha zake na dozi tatu mfululizo, na ugonjwa ukabaki palepale. Dawa nyingine za kuua bakteria zaweza hata kuwaua walinzi wachache waliobaki.

3. Jinsi mlango unavyofunguka kwa VVU

Twataka ieleweke vizuri: mvurugiko wa uke hauzai VVU. VVU hutoka kwa mtu aliye navyo. Mwanamke mwenye mvurugiko ambaye hakutani na virusi hivyo hawezi kuvipata kwa sababu ya mvurugiko peke yake. Lakini virusi vikifika, hukuta boma lisilo na ulinzi. Mambo matatu hutokea.

Kwanza, uchachu umepungua. Asidi ya walinzi hudhoofisha virusi vingi kabla havijafika ukutani. Isipokuwapo, virusi hubaki na nguvu zake.

Pili, ute umeharibika. Kuta za uke na mlango wa kizazi hufunikwa na ute mzito, ambao hunasa virusi kama ulimbo unavyonasa ndege. Vijidudu vya mvurugiko hutoa vimeng'enya vinavyoula ute huo na kuufanya mwepesi kama maji. Ulimbo ukiisha kuyeyuka, ndege hupita.

Tatu, mwili hukasirika. Ukiona vijidudu vigeni vimezidi, mwili hutuma askari wake wa damu waje kupigana. Katika askari hao wamo wale waitwao seli za CD4. Na hao ndio hasa ambao VVU hutafuta ili viingie ndani yao na kuzaana. Hivyo mwili, ukitaka kujilinda, hukusanya mlangoni wale ambao adui anawawinda.

4. Ushahidi kutoka kwa majirani

Mtu aweza kuuliza: haya yamejulikanaje? Yamejulikana kwa kuwapima wanawake wengi kwa uangalifu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika hapa kwetu Afrika Mashariki.

Katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, inayopakana na mkoa wetu wa Kagera, wataalamu waliwapima maelfu ya wanawake wa vijijini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1997. Katika wanawake wenye walinzi kamili, asilimia 14.2 walikuwa na VVU. Katika wale wenye mvurugiko mkali, asilimia 26.7 walikuwa navyo.

Lakini hesabu hiyo peke yake haikuonyesha kipi kilitangulia. Labda VVU ndivyo vilivyoleta mvurugiko? Basi huko Mombasa wakafuatwa wanawake 657 wasio na VVU, waliokuwa wakiishi kwa kuuza miili yao, wakapimwa mara kwa mara. Mwaka wa 1999 ilitangazwa kwamba wale waliokosa laktobasili waliambukizwa kwa kiasi cha mara mbili kuliko wenye walinzi. Hapa ilionekana kwamba kuondoka kwa walinzi kulitangulia, na virusi vikafuata. Mwaka wa 2008 wataalamu walizijumlisha tafiti nyingi za namna hii, wakaona kwamba mvurugiko huongeza hatari kwa kiasi cha asilimia 60. Na mwaka wa 2017 habari ilitoka Afrika Kusini, karibu na mji wa Durban: katika wanawake vijana 236, wale ambao laktobasili zao zilikuwa chache na vijidudu vingine vingi waliambukizwa kwa kiasi cha mara 4 kuliko wenzao.

Na wanaume wasidhani neno hili haliwahusu. Mwaka wa 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanandoa na wapenzi katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mwanamke mwenye VVU aliyekuwa pia na mvurugiko wa uke alimwambukiza mwenzake wa kiume kwa hatari iliyozidi mara 3. Mlango ulio wazi huingiza, tena hutoa.

5. Funzo la Mwanza na funzo la Rakai

Jirani zetu wa Mwanza wametufundisha neno lingine. Kati ya mwaka wa 1991 na 1994, jumuiya 12 za mkoa huo zilitazamwa. Katika 6, vituo vya afya vilipewa mafunzo na dawa za kutosha ili kila mwenye dalili za maradhi ya zinaa atibiwe vizuri mara afikapo. Katika 6 nyingine huduma iliendelea kama kawaida, nazo ziliboreshwa baadaye. Baada ya miaka miwili, maambukizo mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 kule kulikoboreshwa, na asilimia 1.9 kule kwingine. Yaani yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Habari hiyo, iliyotangazwa mwaka wa 1995, ilisomwa duniani kote. Nayo haikutoka katika hospitali kubwa, bali katika vituo vya afya na zahanati kama za kwetu.

Rakai wakajaribu njia nyingine: kila baada ya miezi 10, watu wote wa kijiji walipewa dawa, wenye dalili na wasio na dalili. Mwaka wa 1999 ilitangazwa kwamba VVU havikupungua. Wataalamu wametaja sababu mbalimbali: huko VVU vilikwisha kuenea sana, na tena mvurugiko wa uke ulirudi upesi baada ya dawa, ukabaki mwingi kama kwanza.

Tukiyaweka mafunzo haya mawili pamoja twaona hivi. Dawa ya siku moja haitoshi, wala hakuna aliyekwisha kuonyesha kwamba kutibu mvurugiko peke yake kwatosha kuzuia VVU. Kinachofaa ni zahanati iliyo wazi kila siku, mama asiyeogopa kuiendea, na nyumba isiyorudia mambo yanayowafukuza walinzi.

6. Mambo yanayowafukuza walinzi

Hapa twaomba kina mama, mashangazi na bibi wasikilize sana, maana wao ndio hufundisha wasichana na mabibi harusi.

Neno la kwanza ni kujiosha ndani. Wapo wanaoosha ndani ya uke kwa sabuni ya mche, kwa sabuni ya unga, kwa maji ya chumvi au ya ndimu. Wapo wanaofuta ndani kwa kitambaa. Wapo wanaotia shabu, ugoro au majani ili uke ubane na kukauka, kwa kumpendeza mume. Mwaka wa 2011 wataalamu walikusanya habari za wanawake 14,874 kutoka tafiti 13 za Afrika. Waliona kwamba wale waliotumia kitambaa au karatasi ndani, wale waliotia vitu vya kukausha au kubana, na wale walioosha ndani kwa sabuni, wote waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasiofanya hivyo. Tena mvurugiko ulionekana zaidi kwa baadhi yao.

Sababu ni rahisi. Sabuni huondoa uchachu. Kitambaa huondoa ute. Shabu na ugoro huunguza na kuchubua. Mwanamke huona harufu, akaosha kwa sabuni. Walinzi wakafa, harufu ikazidi. Akaosha tena kwa nguvu zaidi. Ndivyo anavyobomoa boma lake kwa mikono yake, akitafuta usafi. Usafi wa kweli ni kuosha sehemu za nje kwa maji safi, na kuiacha ndani ijisafishe. Uke hujisafisha wenyewe. Majimaji kidogo yasiyo na harufu mbaya ni kazi ya usafi huo, si uchafu. Wala mwanamke hakuumbwa awe mkavu.

Neno la pili ni la wanaume. Mvurugiko huu hauhesabiwi moja kwa moja kuwa ugonjwa wa zinaa, lakini mwanamume ana sehemu yake. Vijidudu vya mvurugiko huweza kukaa katika ngozi ya uume na kurudi kwa mke aliyekwisha kutibiwa. Mwaka wa 2025 ulitangazwa uchunguzi wa Australia juu ya wanandoa na wapenzi 164. Pale mwanamke alipotibiwa peke yake, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 63 katika wiki 12. Pale mwanamume naye alipotibiwa, ulirudi kwa asilimia 35. Tena huko Rakai mwaka wa 2009 ilionekana kwamba wake wa wanaume waliotahiriwa walipungukiwa na mvurugiko kwa kiasi cha asilimia 40. Wasukuma kwa desturi ya zamani hawakuwa watu wa tohara; lakini katika miaka hii hospitali na vituo vya afya vya mikoa yetu vimewatahiri vijana na watu wazima wengi, na tohara humpunguzia mwanamume mwenyewe hatari ya kupata VVU kwa mwanamke kwa kiasi cha asilimia 60. Kondomu nayo huwalinda wote wawili. Na kadiri mtu anavyokuwa na wapenzi wengi, ndivyo walinzi wanavyovurugwa.

Neno la tatu ni kichocho. Huu si mvurugiko wa bakteria, ni ugonjwa mwingine, lakini huharibu mlango uleule. Katika vijiji vyetu watu huchota maji na kunywesha ng'ombe katika malambo, na watoto huoga humo. Konokono wa malambo hubeba vijidudu vya kichocho cha mkojo. Watu wengi wajua kwamba kichocho huleta damu katika mkojo. Wachache wajua kwamba mayai yake hunasa pia katika kuta za uke na mlango wa kizazi, yakafanya vidonda na kutoka damu kwa wepesi. Huko Zimbabwe mwaka wa 2006, wanawake wenye vidonda vya namna hiyo walionekana kuwa na VVU kwa kiasi cha mara 3 kuliko wenzao. Kwa hiyo binti anayepewa prazikwanteli shuleni hatibiwi mkojo tu. Analindiwa uzazi wake. Wazazi wasimzuie kumeza dawa hiyo.

7. Tufanye nini basi?

Mwenye dalili aende zahanati au kituo cha afya, amweleze mganga wa hapo mambo yote kwa ufupi na bila kuficha. Dawa ya mvurugiko ni ya kawaida na si ghali. Mara nyingi ni vidonge vya metronidazoli, ambavyo watu huviita Flagyl, kwa siku 7. Avimeze vyote hata kama dalili zimekoma siku ya tatu, wala asinywe pombe siku hizo. Asigawane vidonge na jirani.

Mwenye mimba asingoje. Mvurugiko wa uke huandamana na hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Amwambie mkunga katika kliniki ya wajawazito.

Ugonjwa ukirudi, asikate tamaa wala asidhani amerogwa. Kurudi ndiyo desturi yake: kwa zaidi ya nusu ya wanawake hurudi katika muda wa mwaka mmoja. Arudi zahanati, na safari hii aende pamoja na mumewe. Wataalamu wanatafuta njia ya kuwarudisha walinzi wenyewe. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wanawake waliotiwa laktobasili ukeni baada ya dawa walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 30, na wasiotiwa kwa asilimia 45. Ni tumaini jema.

Mume na mke wapime VVU pamoja. Aliyeonekana navyo aanze dawa mara moja. Tangu mwaka wa 2004 serikali hutoa dawa hizo bure, na mwenye kuzimeza kila siku mpaka virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kukutana. Asiye navyo, lakini yumo katika hatari kubwa, aulize habari za dawa kinga za kumeza. Hapa liko neno la faraja. Iliwahi kujaribiwa jeli ya dawa ya kutia ukeni, nayo ilifanya kazi kidogo sana kwa wanawake waliokosa laktobasili, kwa kuwa vijidudu vya mvurugiko viliila dawa yenyewe. Lakini katika wanawake wa Kenya na Uganda waliomeza vidonge, ilionekana mwaka wa 2017 kwamba vidonge huwalinda sawasawa, wenye mvurugiko na wasio nao.

8. Neno kwa walimu

Mwalimu wa kanisa huaminiwa siri nyingi. Siku moja atakuja mume na kusema, "Mke wangu ana harufu, bila shaka ametoka nje ya ndoa." Au atakuja mama akilia kwamba amefukuzwa kitandani, au kwamba mumewe ametafuta mwingine. Mwalimu ajue la kujibu.

Ajibu hivi: mvurugiko wa uke si ushahidi wa uzinzi. Mke mwaminifu wa mume mwaminifu aweza kuupata, kwa sabuni tu au bila sababu inayojulikana. Wala si dalili ya kwamba mtu ana UKIMWI. Ni ugonjwa wenye jina, wenye kipimo na wenye dawa. Mume anayemfukuza mkewe kwa ajili yake humtuma mke kwenye sabuni na shabu, naye mwenyewe huenda nje akaleta nyumbani virusi, vikamkuta mke ambaye walinzi wake hawapo. Hivyo neno la aibu lililosemwa jioni moja laweza kuzaa msiba wa nyumba nzima.

Wote twakumbuka habari ya yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, aliyekuja kwa nyuma katikati ya mkutano kwa kuwa aliona haya. Hakukemewa, wala hakuulizwa aliishi vipi, aliitwa binti. Katika kila usharika wako wanawake wanaokaa nyuma kwa sababu ya ugonjwa wanaouonea haya. Mwalimu asingoje waje kwake. Atangaze wazi, katika mkutano wa kina mama na katika mafundisho ya ndoa, kwamba ugonjwa huu upo, hauna laana, na zahanati yautibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Uchachu wa maziwa ya mgando na ulinzi wa uke vyafanana kwa jambo gani, na vyatofautiana kwa jambo gani?
2. Kwa nini kuosha ndani kwa sabuni huongeza harufu badala ya kuiondoa?
3. Taja mambo matatu yanayofanya VVU viingie kwa wepesi walinzi wakipungua.
4. Katika kijiji chenu mabibi harusi hufundishwa nini juu ya usafi wa mwili? Lipi lifaa kushikwa, na lipi lifaa kuachwa?
5. Mume akija kumshitaki mkewe kwa ajili ya harufu, mtamjibu nini, na mtawatuma wapi wote wawili?